Kesi ya Juniper

Kazi ya Delphine Gatlin ilikuwa kusikia kila kitu na kutosema neno. Alikaa mbele ya meza ya jaji katika mahakama ya Caddo Bend, mashariki mwa Texas, mashine yake ya hati mkato ikiwa katikati ya magoti, na chochote kilichotoka kinywani mwa mtu mle ndani, awe shahidi, wakili au jaji mwenyewe, alikiandika papo hapo. Watu wakilia, aliandika. Wakidanganya, aliandika vilevile. Mawakili waliomzoea walisema uso wa Delphine ni ukuta uliopakwa chokaa, utautazama kutwa nzima usijue ndani anaishi nani.

Ndani aliishi Rayburn, mumewe. Kiwanda cha kuyeyusha chuma kilimla Rayburn masikio polepole, kikiuma na kupuliza, hata alipotambua kwamba hasikii hapakuwa na cha kuokoa tena. Vifaa alivyopewa hospitali vilimletea mngurumo mtupu. Alikubali kuyakosa mengine yote, simu, redio, ndege wa asubuhi, lakini mahubiri yalimuuma. Alikuwa shemasi wa kanisa la Baptist la Sweet Gum, na tangu ujana wake alipenda kumsikiliza mhubiri akijenga hoja kidogo kidogo kama mtu anayepanga matofali. Sasa alikaa benchi la mbele na mashemasi wenzake, akiitazama midomo ya Mchungaji Broadus, na watu walipocheka yeye alichelewa kucheka, na wakati mwingine alicheka mahali pasipo na kichekesho.

Delphine hakuweza kuivumilia hali ile. Akaichukua mashine yake ya zamani akaenda nayo kanisani, na akatafuta katika mtandao njia ya kuyafikisha maneno aliyoyaandika hadi kwenye simu ya mumewe. Ndipo alipoikuta Juniper.

Juniper ilikuwa programu huria, yaani mtu yeyote angeweza kuichukua, kuitumia, kuifungua ndani na kuirekebisha bila kumlipa mtu. Kazi yake ilikuwa ndogo na safi. Ukiandika hapa, maneno yanatokea kule kwenye ukurasa wa mtandao, moja baada ya jingine, bila msomaji kuufungua ukurasa upya. Wenye minada ya ng'ombe waliitumia kutangaza bei, shule ziliitumia kwa matokeo ya mechi. Aliyeiandika alikuwa Lyle Haverkamp wa jimbo la Iowa, mtu anayetengeneza tovuti za vyama vya ushirika vya wakulima, akaipa jina la mbuzi wake.

Jumapili ya kwanza Rayburn alicheka sawa na watu wengine, wakati uleule, mzaha uleule. Delphine alikuwa akiandika nyuma ya kanisa, na ilibidi aendelee kuandika huku machozi yakimdondokea vidoleni. Wiki zilizofuata wakajitokeza wengine wenye masikio mazito ambao hakuna aliyejua kwamba hawasikii. Kulikuwa na Mama Idabel Crowe, mjane, na ndugu wawili wazee waliokuwa wakisinzia ibada nzima kumbe si usingizi, ni upweke. Wote wakawa wanakuja na simu zao.

Palikuwa na kasoro moja. Majina marefu ya Agano la Kale yalikatika yakifika mwisho wa mstari. Delphine akamwandikia Lyle kwamba Nebukadneza anafika kwa watu wake akiwa vipande viwili. Jibu lilirudi siku ileile: "Pole sana kwa mfalme. Nimemshona. Mjaribu Jumapili." Hawakuwasiliana tena, maana hapakuwa na haja. Nebukadneza alifika mzima.

Basi siku moja Delphine alikuwa akisoma ratiba ya kesi zijazo, akaliona jina la Lyle Haverkamp. Aliyemshtaki ilikuwa kampuni iitwayo Kestwick.

Caddo Bend nzima ilizijua kampuni za namna hiyo. Juu ya duka la sonara palikuwa na ujia wenye milango mingi iliyofungwa, kila mlango na jina lake, na hakuna aliyewahi kumwona mtu akiingia. Zilikodi vyumba vile ili zihesabiwe kuwa wakazi na kesi zao zisikilizwe hapo. Mji ulikula kwa kesi hizo. Hoteli zilijaa mawakili, na nyama choma ya mtaa wa mahakama iliisha kabla ya saa saba. Hata ubao wa matokeo wa uwanja wa shule ulinunuliwa na kampuni ya ng'ambo iliyochoka kushtakiwa, ili angalau wenyeji waipende. Kestwick haikutengeneza chochote. Ilikuwa na hataza tu, karatasi ya serikali inayompa mwenyewe haki ya peke yake juu ya jambo alilobuni. Iliinunua kutoka kwa kampuni iliyofilisika, na hataza hiyo ilidai kwamba kuonyesha maneno mapya kwenye ukurasa bila kuufungua upya ni mali ya mtu.

Delphine alikwenda ofisini kwa Jaji Purcell akasimama mlangoni.

"Mheshimiwa, mdaiwa katika kesi ya Kestwick niliwahi kumwandikia. Naitumia ile programu yake kanisani."

"Ulimlipa?"

"Ni ya bure, Mheshimiwa."

"Yeye alikulipa?"

"Hapana."

Jaji alivua miwani. "Delphine, wewe huamui kesi. Wewe unaandika. Nitawaambia pande zote mbili, anayetaka kulalamika alalamike."

Hakuna aliyelalamika. Wakili wa Kestwick, Boyce Tillery, mzaliwa wa palepale ambaye babu yake alikuwa hakimu, alicheka. "Mimi nataka Delphine huyuhuyu. Angalau atajua kuandika jina la mshtakiwa, mimi mwenyewe linanishinda." Wakili wa Lyle, mwanamke kijana aliyetoka Iowa na sanduku moja la nguo, hakujua hata kama kuna kitu cha kulalamikia.

Lyle alikuja amevaa suti iliyombana mabegani. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini, na kila alipoulizwa swali alifikiri kwanza, jambo ambalo mbele ya jopo la raia walioitwa kuamua kesi lilimfanya aonekane kama anayetafuta uongo. Tillery hakufikiri. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba.

"Bwana Haverkamp, Juniper inahudumiwa na wafanyakazi wangapi?"

"Inategemea ni nani kati ya wanaojitolea hajalala."

Watu walicheka kidogo, na Delphine akaandika kwamba walicheka.

"Na hao wote huwalipi?"

"Siwalipi. Na wao hawanilipi."

"Kwa hiyo uliichukua mali ya mteja wangu ukaigawa sadaka dunia nzima. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa shamba la mwenzako, sivyo?"

"Sikuichukua kwa mtu," Lyle alisema. "Nilikaa mezani kwangu nikaiandika. Jina la mteja wako nililisikia siku barua yake ilipofika. Jambo lenyewe ni dogo, Bwana Tillery. Ni kama kutia komeo mlangoni. Mafundi wengi watalifikiria wenyewe bila kuibiana."

"Lakini mwenye karatasi ya komeo ni nani?"

"Ni mteja wako," Lyle akasema.

Baadaye wakili wake aliinuka akamuuliza ni watu gani wanaoitumia Juniper. Lyle akataja minada, akataja shule. Kisha akasema, "Na kuna mama mmoja, sijui yuko wapi hasa, nadhani ni huku Kusini. Anaandika mahubiri kanisani ili mume wake asome. Mume ni kiziwi. Aliniandikia mara moja. Huwa namfikiria ninapochoka."

Delphine aliandika. Aliandika mama, aliandika mume, aliandika kiziwi, na vidole havikukosea hata kitufe kimoja. Alihisi macho ya Jaji Purcell yakimgusa utosini kisha yakaondoka.

"Pingamizi," Tillery alisema bila kuinuka. "Hii ni ya kutoa watu machozi, Mheshimiwa. Haihusu hataza."

"Nalikubali pingamizi. Wanajopo, maneno hayo ya mwisho myasahau. Msiyatumie katika uamuzi wenu."

Akaandika hayo pia.

Jioni zile hakumwambia Rayburn kitu, kwa sababu kiapo chake kilimkataza kuijadili kesi. Rayburn, aliyekuwa amejifunza kusoma nyuso kwa kukosa masikio, alimwekea sahani ya maharage na mkate wa mahindi akamtazama.

"Del, kuna mtu wanamnyonga?"

Delphine alitikisa kichwa kukataa.

"Basi kuna mtu wanamnyonga polepole," Rayburn alisema, akaendelea kula.

Jopo lilirudi na uamuzi mapema kuliko wengi walivyotarajia. Juniper iliingilia hataza ya Kestwick, na hataza ilikuwa halali. Lyle aliusikiliza uamuzi mikono ikiwa juu ya meza, kama mtu anayesubiri kupimwa damu. Wakili wake kijana ndiye aliyelia.

Siku chache baadaye Delphine alikuwa akinunua chakula cha kuku, na mwenye duka, Coy Ledbetter, aliyekuwa mmoja wa wanajopo wale, akamfuata hadi kwenye gari na gunia begani.

"Bi Delphine, najua huruhusiwi kusema. Wewe nisikilize tu."

Delphine akafungua nyuma ya gari.

"Yule bwana wa Iowa nilimpenda. Angekuwa jirani ningemwazima trekta. Lakini ile karatasi ina muhuri wa serikali. Mimi shamba langu linakaa kwa karatasi ya namna hiyohiyo. Nikisema leo muhuri si kitu, kesho nani atauheshimu wa kwangu?" Akalitua gunia. "Mke wangu haongei nami tangu juzi. Mtoto wetu anajifunza mambo hayohayo ya tovuti chuoni. Anasema sijui nilichofanya. Labda kweli sijui."

Alisimama akingoja, na Delphine akamshukuru kwa kumbebea gunia. Njiani akafikiri kwamba afadhali Coy angekuwa mtu mbaya, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumua.

Kabla ya kurudi Iowa, Lyle alikuja kwenye chumba cha Delphine. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Samahani, mama. Nimeambiwa nakala ya kesi inapatikana kwako. Wakili anasema bila hiyo siwezi kukata rufaa."

Delphine akamtajia gharama iliyowekwa na sheria. Lyle hakushtuka.

"Kwa kazi uliyofanya si ghali. Tatizo ni kwamba baada yako kuna wakili wa rufaa, na baada ya wakili kuna dhamana, fedha za kuweka mahakamani. Nikiuza nyumba nafika katikati ya mto, nazama hapo."

"Naweza kuisamehe sehemu yangu."

"Utapata matatizo?"

"Huenda."

"Basi acha. Itakaa tu mezani kwangu inanitazama." Aligeuka kuondoka, kisha akasimama. "Nilipokuwa kizimbani wote walinikodolea macho isipokuwa wewe. Uliinamia mashine yako tu. Nikajiambia, angalau mmoja anasikiliza."

Delphine aliinuka akaufunga mlango. "Bwana Haverkamp," akasema, "mwenye Nebukadneza ni mimi."

Lyle hakuelewa mara moja. Alipoelewa alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa, mikono ikining'inia.

"Kwa hiyo yale niliyoyasema, uliyaandika wewe."

"Niliyaandika."

"Na yakafutwa."

"Hayakufutwa. Yamo kwenye nakala. Waliambiwa wayasahau tu."

Lyle akacheka bila furaha. "Mzee hajambo?"

"Jumapili alicheka sana. Mchungaji alieleza habari za nyumbu wa mjomba wake."

"Vizuri." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Iondoeni, mama. Kwa amri ya mahakama nimetia sahihi kwamba nitaifuta na kuwaambia wote waifute. Kestwick wana majina ya wote walioichukua. Wameanza na shule, na makanisa hayako mbali. Msiwangoje."

"Huwezi kuiandika kwa njia nyingine?"

"Niliiandika upya kabla ya kesi. Niliitoa ile sehemu waliyoilalamikia, maneno yakawa yanafika kwa mafungu. Wakasema mafungu pia ni yao."

"Na wale wenzako?"

"Wenzangu gani tena? Kuna mama mmoja Krakow, hodari kunizidi mara kumi. Mwajiri wake alimkataza hata kuufungua ukurasa wetu. Wa Accra aliniomba nilifute jina lake kila mahali asije akafuatwa. Nililifuta moja baada ya jingine, kama mtu anayeng'oa misalaba makaburini. Halafu kuna watu nisiowajua, wana kazi zao za bure, wananiandikia, 'Lyle, yangu iko salama?' Nawajibu sijui. Basi na wao wanafunga. Siwalaumu. Mimi mwenyewe sasa nikiandika mstari mmoja nasimama, najiuliza huu una mwenyewe nani."

Akainuka, akampa mkono. Delphine aliushika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka.

Delphine hakuiondoa Juniper. Alijiambia Jumapili hii tu, kisha Jumapili inayofuata. Barua ilifika kanisani wakati misonobari inamwaga majani yake membamba kama sindano, na Mchungaji Broadus akawaita wadhamini wa kanisa katika chumba cha nyuma ya jiko. Barua ilitaka kanisa lilipe ada kwa muda lilioitumia programu ile, na kila mwaka baada ya hapo.

"Shetani mwenyewe hajawahi kututoza kwa kusoma," alisema Ndugu Hosea, mdhamini mzee kuliko wote.

"Hosea, hapa hatutanii."

"Na mimi sitanii, Mchungaji."

"Dada Delphine," Mchungaji akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "hili kanisa paa lenyewe linavuja. Mahakamani hatuwezi kusimama. Wewe umeona wanavyosimama walioweza."

"Naweza kuunganisha kompyuta na runinga kwa waya," Delphine alisema. "Maneno yasipite mtandaoni kabisa. Hiyo si yao."

"Una hakika?"

Alifungua kinywa kujibu. Akaikumbuka ile habari ya mafungu. Miaka yote hiyo amesikia mawakili wakithibitisha kwamba kitu fulani ni cha fulani, na hakuwahi kusikia hata mmoja akithibitisha kwamba kitu hakina mwenyewe.

"Sina hakika," akasema.

"Basi tusionyeshe maneno popote mpaka tujue. Na mashine yako, nakuomba, iache nyumbani. Mtu akipita akaiona, tutamwelezaje?"

Mchungaji alijitahidi. Alianza kuwapigia chapa mahubiri yake wale wanne, wasome wakiwa wamekaa. Lakini Mchungaji Broadus hakuwahi kuhubiri alichoandika. Alianza na karatasi kisha Roho akamchukua, akaenda kwa nyumbu na kwa mafuriko na kwa bibi yake, na Rayburn alibaki na ukurasa mkononi akiona mabega ya watu yanatikisika kwa jambo ambalo halimo kwenye karatasi. Delphine alikaa karibu naye akijaribu kumwandikia kwa kalamu. Yeye aliyeweza kuzikimbiza ndimi za mawakili watatu kwa pamoja, kalamu ilimfanya aachwe nyuma kama mtu anayekimbilia gari moshi.

"Acha, Del," Rayburn alimwambia kwa sauti ya kiziwi, na kanisa zima likasikia. "Watu wanatutazama."

Mama Idabel aliacha kuja kabla ya Krismasi. Binti yake alisema ni baridi. Wale ndugu wawili wakarudi kusinzia. Kuacha kazi Delphine hakuweza hata kukufikiria, kwa kuwa bima ya dawa za Rayburn ilitoka mahakamani, basi aliendelea kuamka, kuvaa, kukaa mbele ya meza ya jaji. Kestwick ilileta kesi mbili nyingine mwaka mpya ulipoanza. Zote zilimalizwa nje ya mahakama kabla ya kusikilizwa. Walioshtakiwa walilipa, au walifunga.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, ibada ilipokwisha, Rayburn alimfuata Mchungaji mlangoni akamwekea funguo za kanisa mkononi. Alikuwa shemasi tangu Mchungaji Broadus angali mwanafunzi. Mchungaji alianza kusema, akasema sana, mkono wake begani kwa Rayburn, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesihi. Rayburn aliitazama midomo ile kwa subira mpaka ikakoma.

"Sikupata hata neno, Mchungaji," akasema. "Lakini najua yalikuwa mazuri."

Delphine ndiye aliyeendesha gari. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha na barabara ilikuwa tupu kati ya misonobari. Rayburn aligeukia dirishani. Walipolipita daraja Delphine alianza kusema. Kwanza kwa chini, kisha kwa sauti ya kawaida, kisha kwa kelele. Alisema alichokifikiria juu ya Tillery na karatasi yake, juu ya milango iliyofungwa pale juu ya sonara, juu ya Coy na shamba lake, juu ya Jaji Purcell na macho yake yaliyoondoka. Alisema kwamba angeweza kuinuka siku ile, katikati ya mahakama, akasema mama huyo ni mimi, na kwamba wangemtoa, na isingebadilisha kitu, na kwamba hata hivyo angetaka awe ameinuka. Maneno yalimtoka hovyo, bila mpangilio, na hakuna aliyeyaandika.

Rayburn aliendelea kutazama miti. Walipofika uani Delphine alizima gari, na mumewe akamgeukia, akamwona jinsi uso wake ulivyolowa.

"Ulikuwa unaimba?" akamuuliza.

Delphine akaitikia kwa kichwa. Wakashuka, wakaingia ndani.